Mayai Sita ya Mama

Techiman, Jumatatu

Kaka Bediako,

Huku tu wazima. Mahindi yamestawi, ila kuku wa Mama hatagi tangu tumzike mwenyewe.

Uliniuliza mbona sikusema neno mazishini. Ni ile sikukuu ya mavuno. Nilinunua viazi vikuu vya sadaka, vinene kama mapaja, ili jina letu litangazwe kanisani. Mama akatoka chumbani na sadaka yake, mayai sita kwenye kitambaa.

“Mama, hivyo vijiyai viache, tutachekwa!”

“Haya, mwanangu.” Akayarudisha, akajitwika viazi vyangu. Tulipotangazwa, watu walipiga makofi. Yeye aliinamisha kichwa.

Juzi nilipofagia chumba chake, harufu ilinipeleka chini ya kitanda. Yalikuwemo yote sita kwenye kitambaa kilekile, yameoza. Kaka, baada ya mavuno tulikunywa uji mtupu wiki mbili, kwa sababu pesa zote nilizimalizia kwenye viazi. Hata siku alizougua hakuligusa hata moja. Kwake yalikwisha kuwa ya Mungu. Mimi ndiye niliyeyazuia mlangoni.

Mchungaji bado ananishukuru kila Jumapili. Naitikia, “Amina.”

Niombee.

Mdogo wako,
Afua Konadu