Bibi wa Mabawa

Jumapili, 13 Mei 2018

Nimerudi Vienna salama. Miguu imevimba, nguo zote zinanuka jibini. Siku nne Zagreb na Zdenka, mwenzangu wa karakana ya fidla — na nusu siku mahali ambapo sikupanga kwenda kabisa. Treni ilikatwa katikati stesheni, nami nilikuwa nimekaa kwenye nusu isiyo yangu. Zdenka alikuwa ameenda kununua kahawa behewa la mbele. Tulipungiana mikono dirishani, yeye huku, mimi kule, viatu vyangu vikiwa kwenye begi lake.

Hadithi hiyo ndiyo niliyoanza nayo kwenye kundi la familia. Linaitwa Ukoo wa Sung Wenye Furaha, Mama ndiye aliyelipa jina. Watu ishirini na tatu, wote Tainan isipokuwa mimi. Mwaka wa sita sasa, kila nikisafiri nawaandikia. Leo huko kwetu ni sikukuu ya akina mama, kwa hiyo nimetuma nyingi: daraja, soko la maua, bata aliyeniuma kidole, mimi peku stesheni. Wamecheka mpaka binamu mmoja akasema amemwaga supu.

Na picha moja ya makaburini. Naiandika hapa kwa sababu kule sikuiandika. Zdenka alikwenda kuosha kaburi la babu yake, nikamsindikiza. Sijapata kuona mahali pazuri namna ile. Kuba za kijani, ukuta mrefu umevikwa majani yanayotambaa, miti mikubwa, kimya. Katikati, mwanamke wa marumaru mwenye mabawa, ameketi, mkono wa kulia ameunyoosha kana kwamba anakukaribisha ukae. Nikampiga picha. Lakini nani anatuma kaburi kwa wazee wa Tainan, tena sikukuu ya mama? Sisi tukitoka makaburini hatuvuki hata kizingiti kabla ya kunawa. Nikaandika: "Bustani ya Zagreb. Nilikaa hapa saa nzima, moyo ukatulia." Neno moja tu ndilo la uongo.

Baba hakusema kitu. Tangu Februari hasemi sana. Daktari alimwambia mlango mmoja wa moyo umechakaa, lazima kifua kifunguliwe. Tangu siku hiyo anashona viti vya pikipiki dukani kwake kama kawaida, na ukigusia hospitali anakuuliza umekula nini. Babu aliingia chumba cha upasuaji mwaka 1979 akitembea kwa miguu yake, akatoka amefunikwa shuka. Hiyo ndiyo hoja yote ya Baba, na hatujaweza kuijibu. Daktari anasema akikataa, mwakani hatafika.

Jumanne, 15 Mei

Nimeamka, simu imejaa picha za asubuhi njema. Wazee wetu hawawezi kuanza siku bila hizo — ua, jua linachomoza, paka mdogo, na juu yake salamu za rangi kali. Mama anazitengeneza mwenyewe na kuzisambaza kwenye makundi kumi na moja: ukoo, hekalu, mazoezi ya viungo, darasa lake la shule ya msingi, nimesahau mengine.

Ya leo ni bibi wa mabawa.

Amemkata vizuri, msalaba wa nyuma umetoweka. Taa nyekundu za mishumaa amezifunika kwa mawaridi. Maandishi ya waridi yanametameta: "Asubuhi njema! Nyoosha mkono, afya na heri zikufikie."

Makundi kumi na moja! Mama yangu amewapelekea wazee mia tatu kaburi pamoja na chai ya asubuhi. Nimemwandikia haraka: Mama, tumia ile ya daraja, ni nzuri zaidi. Akajibu kwamba daraja halina uso, na kwamba wenzake wa hekaluni wameomba picha ya bibi huyo ili kila mmoja aiweke kwenye simu yake. Nimekwenda kazini nimevaa sweta nje ndani.

Alhamisi, 17 Mei

Kaka Po-han amenipigia nikiwa kazini. Akauliza kama nimekaa. Nikamwambia nimesimama, nina gundi mikononi, sema.

"Baba amekubali kupasuliwa."

Nikakaa.

Anasema Mama alimwonyesha Baba ile picha juzi, kama anavyomwonyesha zote. Baba kwa kawaida husema "mm" na kuendelea kushona. Mara hii aliomba simu. Akaenda nayo dukani, akaiegemeza kwenye cherehani, akafanya kazi huku anaitazama mpaka chaji ikaisha. Jioni, wakila, akasema: "Mkono ule haumfukuzi mtu. Unamwambia mtu akae, atulie, hakuna haraka. Aliyeuchonga anajua mikono." Kisha akamgeukia Po-han: "Mwambie daktari apange tarehe."

Miezi mitatu tumembembeleza. Mama alipiga magoti. Po-han aligombana naye mpaka majirani wakasikia. Na kilichomshawishi ni kaburi la mtu.

"Po-han," nikamwambia, "ile bustani..."

"Imefanyaje?"

"Ni nzuri sana."

Mwoga mimi. Lakini nilikuwa nalia, na nilikuwa na furaha, na gundi ilikuwa imeshaniganda vidoleni.

Jumatano, 23 Mei

Nimeshindwa kukaa nalo peke yangu. Nimemwambia Po-han ukweli. 

"Wewe una akili timamu, mdogo wangu?"

Nikasema sikujua Mama angeipamba mawaridi. Akasema Mama hupamba mawaridi hata risiti. Nikamuuliza: je, nimwambie Baba kabla ya upasuaji? Maana kama ana haki ya kujua, ni sasa.

"Ukimwambia, harudi hospitali tena, tutamzika wenyewe. Funga mdomo mpaka ashonwe. Akishashonwa, funga tena."

Zdenka naye haoni tatizo liko wapi. Kwao Jumapili watu wanapeleka watoto kutembea makaburini. Nimemuuliza yule bibi ni wa nani. Anasema ni mke wa mfamasia mmoja wa zamani, alikufa na mtoto wake katika kujifungua. Afadhali nisingeuliza. Sasa nikifumba macho namwona Baba amelala mezani, na yule bibi amemnyooshea mkono: njoo ukae. Kwa nani?

Jumatatu, 28 Mei

Saa mbili asubuhi. Kule ni saa nane mchana. Wamemwingiza sasa hivi. Po-han anasema ile picha Baba aliichapisha na kuitia mfukoni, muuguzi akaitoa na kuibandika kwenye chuma cha kitanda.

Saa nne. Hakuna habari. Nimevunja daraja la fidla ya mteja, kile kibao kinachoinua nyuzi.

Saa tano. Bwana mkubwa wa karakana amenipokonya patasi, akanipa fagio.

Saa saba. Nimefagia karakana mara tatu. Nimemwambia yule bibi, kwa Kichina, kwa sauti, kwamba kama mkono wake ulikuwa wa kumwita mtu, basi aniite mimi niliyedanganya. Zdenka aliuliza naongea na nani.

Saa nane na dakika kumi. AMETOKA. Moyo unapiga wenyewe. Po-han analia kwenye simu, na Po-han sijamsikia akilia tangu pikipiki yake ya kwanza iibiwe.

Jumanne, 29 Mei

Nimelala muda wa saa kumi na mbili. Baba amefumbua macho, akauliza nani amefunga duka.

Jumamosi, 16 Juni

Baba amerudi nyumbani. Leo tumeonana kwenye simu. Amekonda, shingo ya shati imekuwa kubwa, lakini midomo ina rangi. Nimekuwa mwepesi wiki hizi zote, natembea huku naimba. Nikajisemea: sasa hili la bustani limekwisha, litasahaulika.

Ndipo akasema ana jambo. Mama na Po-han akawafukuza sebuleni.

"Niliweka nadhiri," akasema. "Kabla hawajanichoma sindano ya usingizi. Nilisema nikiamka, nitakwenda mwenyewe kwenye bustani ile kumshukuru yule bibi."

Nimejaribu yote. Nikasema ni mbali, saa kumi na nne angani. Nikasema nitakwenda mimi kwa niaba yake, nipeleke maua.

"Mdomo uliosema ni wangu, halafu miguu iwe yako?"

Nikasema, Baba, yule si mungu.

"Najua si mungu wetu. Kwani nimesema ni wetu? Unafikiri keki za nanasi anakula?"

Nimesema anakula. Nadhiri usipoiondoa inakugeukia, hata mimi naamini hivyo, nusu. Lakini mtu aliyefunguliwa kifua juzi hapelekwi makaburini, mwili bado dhaifu, hilo nalo naliamini, nusu nyingine. Daktari amesema asipande ndege kabla ya Oktoba. Nina miezi mitatu ya kutafuta ujasiri.

Ijumaa, 5 Oktoba

Sikuupata.

Baba amefika! Ametoka mlango wa uwanja wa ndege anatembea kwa miguu yake, amevaa koti la harusi ya Po-han, anasukuma sanduku. Nilisimama tu namwangalia. Mzee ambaye Februari alikuwa anapumzika mara mbili kwenye ngazi za nyumbani, anasukuma sanduku na kulalamika kwamba magurudumu yameshonwa vibaya. Kushona ndilo neno lake kwa kila kitu. Sijapata kufurahi hivyo katika mji huu.

Mama hakuja, ndege anaiogopa, na ana makundi yake kumi na moja ya kuyahudumia. Amempa Baba keki za nanasi maboksi mawili, na Baba mwenyewe amebeba pakiti nzima ya udi, ingawa anahitaji vijiti vitatu tu, hesabu ya miungu. Marehemu kwetu huchomewa kimoja. Nimeiweka pakiti juu ya kabati nisiione.

Usiku kala nyama ya ndama ya kukaanga, imepondwa ikawa bapa, imezidi sahani. Akauliza waliipiga hivyo kwa kosa gani. Kaimaliza.

Jumapili, 7 Oktoba

Tumefika Zagreb. Njiani kaniuliza mara nne kama tumekaa nusu iliyo yetu. Alipohakikisha akalala, mdomo wazi, na mimi nikawa nahesabu pumzi zake kama mjinga mpaka mpakani.

Tulipokuwa tunakunywa chai nilianza: Baba, kuhusu kesho kutwa. Akanikatiza. Anasema miaka sita amesoma kila nilichoandika kwenye kundi. Kila kitu, hata la bata. Hakujibu kwa sababu hajui kuchapa haraka, akimaliza neno moja wengine wameshahama mada. Duka halikumruhusu kwenda popote, lakini Prague anaifahamu, Trieste anaifahamu, anajua ni stesheni ipi niliibiwa mwavuli. "Wewe ukisema kitu nakiona," akasema.

Baada ya hapo nimwambie nini?

Jumanne, 9 Oktoba

Naandika nikiwa kwenye benchi nililokaa Mei. Lilelile.

Tumepanda basi. Langoni kuna vibanda vya maua na mishumaa, akasema bustani ya watu wanaojali. Majani ya ukutani yamekuwa mekundu, ukuta mzima. Alisimama, akavua kofia. Moyo wangu ulikuwa unapiga vibaya kuliko wake.

Bibi yupo palepale. Baba kampapasa mkono wa marumaru, kila kidole, akanionyesha mahali fundi alipokosea kidogo kwenye dole gumba akarekebisha. Akapanga keki. Akapanga machungwa. Mama ameshatuma ujumbe mara mbili: mmefika bustanini? Piga picha kubwa, watu wa hekalu wanasubiri.

Sasa amekuja mwanamke mwenye ndoo na brashi, kwenye jiwe la jirani. Analiosha. Anawasha mshumaa mwekundu, anasimama kidogo, anaondoka. Baba amemfuata kwa macho mpaka kwenye kona.

Ameshahesabu vijiti vitatu, anavyo mkononi. Lakini hajawasha. Ameinama kwenye jiwe la miguuni pa bibi, anafuta majani kwa kiganja. Herufi zao hazijui. Tarakimu anazijua. Anazifuata kwa kidole: 1871. Halafu 1902. Midomo inacheza, anatoa. Thelathini na moja, umri wangu. Sasa ananitazama.

Sijui kama amekasirika, siuoni uso vizuri, jua liko nyuma yake. Anaonekana mzima, amesimama wima, anapumua.

Amefungua pakiti ya udi. Vijiti viwili amevirudisha ndani, taratibu, asivivunje. Kimoja amebaki nacho.

Kuna upepo, kiberiti hakishiki. Ananiita nije nimkingie kwa mikono.