Kitambaa Juu ya Meza

Jumapili, 5 Oktoba

Jua limetoka! Nikajitanda kanga, nikashuka mbio kwenda kuliota. Hata getini sikufika. Jua la huku ni la kutazamwa tu, kazi nyingine halina. Nimerudi meno yanagongana, na mume wangu anacheka mpaka kashika tumbo. Jina lake halisi nadhani hata mama yake amelisahau. Tangu ujana wake ni Fundi, basi.

Mchana akaja Mjomba, yule dereva wa teksi aliyetupokea siku ya kwanza. Si mjomba wa mtu. Kaishi hapa miaka na miaka, na yeye kila anayesema lugha yetu humwita mpwa wake. Katupeleka kununua makoti. Langu la buluu. La Fundi jeusi, zito, linamfika magotini, utasema la kuazima. "Mkwe," Mjomba kaniambia, "huku koti ndilo mume wa kwanza. Huyu Fundi mhesabu wa pili."

Kazi imeniita mimi — maabara ya hospitali, mkataba wa mwaka mmoja. Fundi kanifuata. Karakana yake ya useremala kamwachia mdogo wake. Tulikubaliana kabla sijafunga hata begi: mwaka ukiisha tunakaa chini, tunaamua wote wawili. "Wote wawili," alirudia.

Tuligombana kuhusu mizigo tu. Yeye alitaka kubeba randa, misumeno, patasi zote, na vile vyuma vikala kilo zetu, sufuria zangu zikabaki. Nilimnunia mpaka uwanja wa ndege. Sasa sanduku la vyuma liko chini ya kitanda, kona yake imetokeza upande wangu. Kila asubuhi nikishuka linanigonga kidole.

Jumatano, 15 Oktoba

Fundi kapata kazi! Mjomba ndiye kamwombea. Ghala la samani. Nilishangilia — samani, si ndiyo fani yake? Jioni karudi, kakaa kitako sakafuni na koti lake, kaangua kicheko. Anabeba maboksi. Vitanda vimelazwa humo vipande vipande, mteja ataunga mwenyewe. Na wala si mbao, ni vumbi la mbao lililokandwa na gundi.

"Bibie," kasema, "kile ninachofagia mimi karakana, huku ndicho wanacholalia."

Tukacheka wote. Halafu akaoga akalala, hakula.

Jumamosi, 8 Novemba

Mdomo wangu huu! Jana wakati wa chai Miwani kaniuliza mume wangu anafanya kazi gani. Miwani ni bosi wangu, jina nimempa mimi kimoyomoyo: ana miwani mbili, moja machoni moja kichwani, na bado huwa anaitafuta. Ningejibu anabeba maboksi, yangeisha. Lakini nani atakubali? Nikatoa simu. Nikamwonyesha milango, makabati, kitanda chetu cha harusi. Nikamsifu mume wangu mpaka chai ikapoa.

Miwani anataka meza. Kubwa, ya kulia chakula, ya mbao kwelikweli.

Nilimwambia Fundi. Kavuta sanduku kutoka chini ya kitanda, kaanza kunoa patasi ambayo ilikuwa kali tayari.

Jumatatu, 17 Novemba

Msimamizi wa jengo kampa Fundi stoo ya chini afanyie kazi. Nimeshuka na chai. Maranda mpaka kwenye vifundo vya miguu, na ile harufu! Nikajiona nimesimama mlangoni pa karakana. Na anapiga mluzi. Tangu tuje sijausikia mluzi ule.

"Gusa," kaniambia. Nikagusa. Shavu la mtoto.

Kanionyesha anavyoufunga uso wa meza kwenye fremu — gundi, skrubu, ikaze, isicheze hata kidogo. Ndivyo baba yake alivyomfundisha. "Hii itatuzika sote," kasema, kaupiga ubao kofi.

Leo kwa mara ya kwanza nimejiambia: tutaweza.

Jumapili, 30 Novemba

Meza imekwenda kwa mwenyewe. Miwani kaizunguka, kavua miwani zote mbili. Mumewe kamkumbatia Fundi, na Fundi kasimama wima, hajui mikono aiweke wapi! Mimi ndiye mkalimani, lakini leo sikuwa na la kutafsiri. Kurudi tukakutana na theluji, yetu ya kwanza. Fundi katoa ulimi kaionja. "Haina hata chumvi," kasema. Watu wanatushangaa njia nzima.

Alhamisi, 8 Januari

Baridi sasa imekuwa adui. Nje inauma, ndani hita zinakausha kila chenye maji. Midomo imepasuka, visigino vimepasuka, pua inatoa damu. Nikivua sweta linatoa cheche. Nampaka Fundi mafuta ya mgando mgongoni, yeye ananipaka miguuni. "Wakituona nyumbani watatuuza kwa fungu," kasema, "samaki wakavu hawa."

Kazini kwake kawaambia wenzake meza yake iko nyumba ya mkubwa wa hospitali. Miwani si mkubwa wa hospitali. Nikamwachia.

Jumanne, 20 Januari

Miwani kanivuta pembeni. Meza imepasuka.

Kwa upole wao ule, sauti ya chini, mkono begani. Walikuwa wanakula, ikalia paa! Mumewe kamwaga supu. Ufa umepita katikati, kidole kinaingia. Si kosa la mtu, kasema, nyumba zao kavu mno, mbao ilitaka kusinyaa na haikuachiwa nafasi. Kuna fundi wao ataikaza kwa vyuma kwa chini isizidi, ufa atauziba baridi ikipungua. "Usimsumbue mumeo," kasema. Nikajibu sawa. Kwa haraka, kama mtu aliyeondolewa mzigo.

Nimefika nyumbani namkuta Fundi kainama juu ya kipande cha boksi, anachora kabati la kufanana na ile meza. Hakuinua kichwa.

"Meza yangu inasemaje?"

"Inakusalimu."

Inakusalimu! Ulimi hauna mfupa. Kesho nitamwambia.

Jumapili, 25 Januari

Sijamwambia. Jana kapiga mluzi akiosha vyombo. Nani amkate mluzi mtu anayeosha vyombo?

Ijumaa, 30 Januari

Wananitaka miaka miwili zaidi. Wameniita ofisini, Miwani na wakubwa watatu, kazi yangu wameisifu mpaka nikaangalia chini. Wanataka jibu.

Jibu nililijua: ngojeni nikazungumze na mume wangu. Lilikuwa mdomoni tayari. Lakini wananitazama wote, na nikaona haya — mtu mzima, mtaalamu, aonekane anaomba ruhusa? Nikasema ndiyo. Wakanipigia makofi. Na niandike kweli, maana hapa hasomi mtu: nilifurahi. Furaha yangu ilidumu mpaka kituo cha basi. Pale ndipo nikasikia sauti ya Fundi: wote wawili.

Sasa ni mawili ya kumwambia. Bora nitafute wakati mzuri, niyatoe kwa pamoja.

Jumapili, 15 Februari

Wakati mzuri umenitangulia.

Miwani alitualika chakula cha mchana. Nilisema kichwa kinauma. "Meza dawa twende," Fundi kasema. "Nataka nione inavyokaa na watu." Shati kapiga pasi mwenyewe, kola mara mbili.

Meza ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe, kinashuka mpaka kwenye viti. Fundi akatabasamu — kadhani tumetandikiwa kama wageni wa heshima. Tukakaa. Mimi chakula sikukiona. Nilikuwa nautazama mkono wake wa kushoto. Ulitembea juu ya kitambaa taratibu, anavyopapasa mbao siku zote, hata akiwa anawaza mengine. Ukafika katikati. Ukasimama. Ukarudi nyuma, ukaja tena, kidole kimoja kikazama na kitambaa chake. Halafu mkono ukashuka chini ya meza, na huko nilijua umekutana na nini. Vyuma vya fundi wao.

Akautoa, akaufuta kwa leso, akaniangalia. Si kwa hasira. Laiti ingekuwa hasira!

Akala. Akaniambia niwaambie mchuzi mtamu. Nikawaambia. Miwani akashukuru, lakini alikuwa amekwisha ona ule mkono, uso umemwiva. Mumewe ndiye hakuona kitu. Akainua glasi, akamgeukia Fundi, akampongeza. Na ili aeleweke, akanyoosha vidole viwili.

Fundi akatabasamu kwa ajili ya wenyeji, akaniuliza kwa lugha yetu, polepole, "Viwili vya nini, bibie?"

Nikamtafsiria. Miaka miwili. Nilisema ndiyo. Mwezi uliopita. Maneno machache tu, na kila mtu pale mezani anatuchekea akidhani tunafurahi.

Fundi akainua glasi yake. Akasema asante, neno la lugha yao analolitamka vizuri kuliko yote.

Kwenye basi alikaa dirishani. Nilimshika mkono, hakuutoa, wala hakunishika.

Jumatatu, 16 Februari

Kaondoka kabla sijaamka. Chai yangu iko kwenye chupa, sukari kama ninavyoipenda. Angeninunia ningejua pa kuanzia.

Jumatano, 18 Februari

Leo kasema. Nilikuwa nakunja nguo, yeye anafunga kamba za viatu.

"Ulijua lini?"

Nikamwambia.

"Ungeniambia, ningekwenda na vyombo vyangu. Ningeufungua ule uso, niupe nafasi, ufa niuzibe mwenyewe. Mbao kupasuka ni kawaida. Marehemu baba kapasukiwa na milango, kaibeba mgongoni mchana kweupe kaenda kuitengeneza. Lakini hakuna aliyewahi kumfunikia kitambaa."

Nikasema nilitaka kumkinga asiumie.

"Na ile miaka miwili? Nayo ulikuwa unanikinga?"

Nikakunja tena shati nililokwisha kulikunja. Anadhani nilimwonea aibu. Siku ile Miwani aliponishika bega, nilimwonea aibu kweli — dakika moja, mbili. Mume wangu mwenyewe, ambaye picha zake nilizitembeza maabara nzima! Hilo sikumwambia, na nadhani analijua. Majuto ni mjukuu, husema watu. Yangu hayakungoja hata tupate mtoto.

Jumamosi, 28 Februari

Fundi anakwenda nyumbani. Wiki tatu, kumwona mama yake. "Wiki tatu," kasema, akilitazama birika. Nikasema vizuri, mama atafurahi. Watu wawili wapole, tunapishana jikoni kwa samahani na tafadhali kama tuko benki.

Jioni mama mkwe kanipigia, furaha tupu. Mbona sikumwambia mapema mwanawe anarudi? Shemeji yangu keshahama benchi la kaka yake, kalipangusa, na kuna mtu wa nyumba mpya anamngojea Fundi amtengenezee milango yote, ya vyumba na ya makabati.

"Na wewe mwanangu unafuata lini?"

"Karibuni, mama."

Nimeolewa na seremala. Milango ya nyumba nzima haimalizwi kwa wiki tatu.

Nitamuuliza kesho. Kesho yangu hii!

Jumapili, 8 Machi

Asubuhi nimeshuka kitandani, kidole hakikugonga kitu.

Nikainama kuhakikisha. Vumbi tu, na alama ya sanduku kwenye kapeti. Nikafungua kabati: mashati yake yote yapo, yamepangwa. Basi begi lake lote ni chuma. Safari hii hakuna wa kumnunia, kilo zote ni zake.

Mjomba yuko chini, gari linanguruma. Fundi alivaa kijikoti kile chepesi alichojia. Nikamwambia koti hilo hapo. Kasema huko la nini, si ataiva ndani yake.

"La kurudia."

Kalitazama pale linaponing'inia mlangoni, zito, jeusi, mabega bado yamekaa kama yake. "Liache tu lining'inie," kasema. Halafu kashuka na begi, ngazi kwa ngazi, chuma kinalia. Atapanda tena kuchukua kibegi cha mkononi. Hiki hapa, kitini.

Ninaandika nimesimama, koti lake nimelikumbatia. Linanuka maranda, hata ghala halikuitoa harufu. Tangu siku ya kitambaa nimeeleza, nimejitetea, nimelia bafuni maji yakiwa wazi. Neno nisamehe bado sijalitoa. Silitafsiri kwa mtu, silijibu mbele ya wakubwa, ni letu wawili, na limenishinda. Nitamwambia akiingia. Usiende, au nenda na mimi nafuata — sijui lipi, nitajua nikimwona uso. Lakini nisamehe kwanza.

Honi. Mjomba naye!

Viatu vyake kwenye ngazi. Anapanda polepole. Vimefika. Vimesimama.

Mbona hafungui, si ana ufunguo? Hapana — ufunguo wake huu hapa, juu ya friji.

Hodi, anasema. Mume wangu anapiga hodi.