Nilisema "Hifadhi"

Jumapili, 6 Julai 2025
Niko Lingeka, kijijini kwetu. Kibanda changu cha chipsi Bariadi nimemwachia msaidizi wangu Flora, nimekuja kumsaidia Mayu, mama yangu, kuchuma pamba. Mgongo wote unauma! Jioni kanipeleka kuiona ngitili yake, eneo aliloachiwa na marehemu baba. Masika yote linafungwa, hakuna ng'ombe kutia mguu. Kiangazi kikikaza ndipo linafunguliwa. Nje ya mpaka wa minyaa, vumbi tupu. Ndani kuna migunga mikubwa, na nyasi zinanifika kiunoni. Udongo ule ule, mvua ile ile! Nimemuuliza Mayu mbona wengine hawafungi tena. Kasema watu wamekuwa wengi, kila anayeoa anamegewa, ngitili zimekuwa viwanja. Jirani yetu Maige bado anayo, ndogo. Bila hii yetu, kasema, ng'ombe hawafiki Novemba.

Jumanne, 8 Julai
Wageni! Gari la watalii limesimama karibu na minyaa, Wazungu wanne na dereva wao, Faraja, kijana mchangamfu kweli. Walikuwa wanapiga picha wale kasuku wadogo wa kijani. Kwa nini wako kwetu tu? Faraja kasema wanafuata miti yenye matundu, kwingine imekatwa. Kumbe! Nimewaona tangu utotoni, sikuwahi kujiuliza wanalala wapi.

Kampuni yake inatafuta mahali pa kuweka kambi ya mahema. Akamuuliza Mayu huu msitu ni kitu gani. Kiswahili cha Mayu ni cha kuombea maji, akajibu kwa Kisukuma kwamba ni ngitili. Nikatafsiri mimi, mtu wa mjini, na maringo juu: "Ni hifadhi ya mama." Faraja akafurahi, akarudia kwa sauti, "Hifadhi! Safi sana." Wanawake waliokuwa wanatoka kisimani wakasimama wakatazamana. Nikadhani wanashangaa Wazungu.

Alhamisi, 10 Julai
Mimi na mdomo wangu! Huku ukisema hifadhi, watu wanaona askari na vigingi. Ng'ombe wako akiingia anakamatwa, na wewe unaambiwa uhame. Kijiji kizima kinasema ngitili ya Mayu imeshachukuliwa, za wengine zinafuata. Maige anakata migunga yake tangu alfajiri. Nimekwenda kumsalimia, mwadeela baba, mbona hivi? Kafuta jasho, kasema, "Mwanangu, wakikuta miti wataita hifadhi. Wakikuta visiki wataita shamba."

Nilicheka kidogo, halafu nikaona aibu.

Jumamosi, 12 Julai
Habari zina miguu. Mnunuzi wa mkaa kashafika na pikipiki kutazama magogo ya Maige — na ni nani? Hamimu! Hamimu huyu huyu anayeniletea mkaa kibandani. Mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuwahi kumuuliza: unautoa wapi? Kasema tangu Bariadi iwe makao ya mkoa vibanda vinaota kama uyoga, mkaa hautoshi, kila mwaka anakwenda mbali zaidi. Alisema kwa upole tu, hana ubaya.

Kaka yangu Mabula kamvuta pembeni. Usiku wote huu ugomvi wake na Mayu ni huo: tukate yetu kabla hatujanyang'anywa. Mayu kamuuliza, "Na ng'ombe watakula mkaa?" Mabula kaacha ugali, katoka.

Jumatatu, 14 Julai
Nimempigia Faraja. Maskini, kashtuka! Kasema hawachukui ardhi ya mtu. Wanataka kukodi kipande cha pembeni, na miti ikiisha hawana haja ya kuja. Atakuja mkutano wa kijiji Jumatano aseme mwenyewe, nami nitamtafsiria. Mwenyekiti kakubali. Mabula kasikia yote, kageuka katoka uani. Sikupenda alivyotoka.

Sasa nitaiitaje? Malisho ya akiba? Ghala la nyasi? Nimemjaribishia Mayu yote mawili. Kacheka, mara ya kwanza wiki hii. Kwani lazima iwe na Kiswahili?

Jumatano, 16 Julai
Mkutano saa nne. Mayu kashavaa kitenge kipya na viatu vya kanisani. Nasubiri chai ichemke, nafanya mazoezi kimoyomoyo: ndugu zangu, nilikosea neno, wala hakuna anayehamishwa.

Mabula kaondoka mapema. Kasema anapeleka ng'ombe kunywa maji. Lakini nawasikia hapa zizini, wanalia.

Kuna shoka. Upande wa minyaa. Mayu katoka nje, kaniuliza sauti inatoka wapi. Nimemwambia kwa Maige.

"Kwa Maige miti iliisha juzi."

Anavua viatu. Anakimbia! Na kitenge chake cha mkutano, anaita Mabula, Mabula. Shoka halinyamazi. Naacha hapa, namfuata.