Mrija Usiofutwa

Jumatatu, 8 Novemba 1993

Katibu kata amerudi kutoka Kasulu na barua ya wilaya. Ugonjwa wa kuhara damu umethibitishwa kambini. Kambi yenyewe haijapata hata jina — maturubai, matope, na watu wanaoongezeka kila siku. Wanaingia kwa Manyovu na kwa njia za porini tangu mambo yaharibike kwao Burundi mwezi uliopita. Barua inamtaka bwana afya wa kata achukue "hatua zote zinazostahili". Bwana afya wa kata ni mimi. Hatua zenyewe hazikutajwa.

Nimeanza na ilani. Namba moja: kuchemsha maji. Namba mbili: kunawa. Namba tatu: pombe ya mtungi, kila mnywaji aje na mrija wake.

La pili. Mshenga wangu, Mwalimu Marcel, ametoka tena kwa Mzee Nsabimana. Siku haibadiliki. Jumamosi tarehe 27 nakwenda kunywa pombe ya uchumba, na nikishakunywa, binti yake Nadine, mwalimu wa shule ya msingi, ni mchumba wangu mbele ya watu wote. Mzee amesema mwanamume anayesogeza siku amekataa mke. Fundi cherehani mmoja wa Makere, aliyemposa kabla yangu, aliisogeza mwaka juzi kwa sababu ya mvua. Siku hizi anashona sare za wanafunzi wa Nadine.

Sisogezi kitu.

Jumatano, 10 Novemba

Kizuizi tayari. Kipo darajani, kati ya kambi na kijiji. Gogo moja la mkaratusi, karai la maji ya klorini, na Kipriani wa mgambo. Amri: anayetoka kambini hapiti bila kunawa mpaka kwenye viwiko, hata akiwa nani. Nimemrudishia Kipriani mara tatu. Mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani alinawa mkono wa kushoto, akahamisha mkungu, akanawa wa kulia. Hiyo ndiyo nidhamu.

Jioni nimerudi kutoka kambini kwa pikipiki. Kipriani akainua gogo, akanipigia saluti. Nikasimama nikampa mkono kwa kazi nzuri.

Ijumaa, 12 Novemba

Kambini kutwa. Mashimo ya vyoo kumi na saba, manne tu yana kina kinachotakiwa. Nimeyapima kwa fimbo yangu mwenyewe.

Mzee Hatungimana, aliyekuwa mwalimu kwao, ndiye mkubwa wa maturubai ya upande wa kisima. Mkewe ameanza kuhara juzi. Aliniambia kama mtu anayeita majina darasani. Kisha akachoma hindi, akalivunja, nusu yangu nusu yake. Ningekataa ningekuwa nimemwambia kuwa yeye ni mchafu. Nikala. Lilikuwa tamu, na niliona aibu kwamba ni tamu.

Gogo. Saluti. Nikapitia kwa Kuruthumu kunywa chai. Wateja wengine anawatolea maandazi kwa uma. Mimi huniambia nichague mwenyewe kwenye beseni, maana mimi ni mtu wa usafi. Nimechagua mawili, baada ya kuyabonyeza matano. Binti yake wa miaka minne akavaa helmeti yangu, akazunguka nayo meza zote, akagonga nguzo.

Jumapili, 14 Novemba

Baada ya ibada watu wamenizunguka nje ya kanisa. Wanasema ugonjwa umeletwa na Warundi. Nikasema kitaalamu ni kweli, umetoka ng'ambo. Nilisema kwa sauti ya semina.

Mzee Nsabimana alikuwa hatua tatu nyuma yangu. Alivuka kutoka Burundi mwaka 72 na jembe moja. Cheti chake cha uraia amekitia kwenye fremu, kinaning'inia juu ya redio. Miaka ishirini na moja anawauzia watu hawa maharage ya mbegu. Leo walimpisha njia pana kuliko ya askofu, na si kwa heshima. Alinisalimia vizuri tu. Nadine hakunisalimia.

Nimejisikia vibaya mpaka sasa. Nilisema kweli, lakini nilisema vibaya.

Jumatano, 17 Novemba

Umevuka. Wagonjwa watatu kijijini: Kipriani, karani wa kata, na yule binti wa Kuruthumu. Nesi wa zahanati, Mwatumu, amenitumia majina kwenye karatasi ya kadi ya kliniki. Mwatumu ni wa Ujiji, hapendi kurudia maneno.

Nimeandaa fomu. Jina, umri, kazi, alikula nini, alichota maji wapi, amevuka wapi siku za karibuni. Majibu hayafanani. Karani anakunywa maji ya bomba la misheni. Kipriani hajaondoka darajani wiki nzima, na karai lilikuwa miguuni pake. Sielewi.

Tumbo langu limesokota kidogo mchana. Maharage ya jana.

Ijumaa, 19 Novemba

Binti wa Kuruthumu amefariki alfajiri.

Nimekwenda msibani. Nilishika mikono ya watu wote, ukoo mzima. Kuruthumu aliniuliza mimi, mtaalamu, mtoto alikosea nini. Helmeti nimeiacha nyumbani, sikutaka aione.

Wagonjwa sasa saba.

Mchana mwenyekiti wa kijiji, Venanti, ameitisha kikao. Amesema sababu anaijua. Kuna mwanamke ametoka Burundi, amefichwa kwa Nsabimana. Ni dada yake, Mpawenimana. Wote wakageuka kuniangalia. Nimeagizwa kukagua.

Jumamosi, 20 Novemba

Nimekagua. Mchumba haingii ukweni kabla ya siku yake, hiyo wanaishika sana hapa, nami tangu posa ipokelewe sijakanyaga pale. Basi nimekagua nikiwa nje ya uzio. Mwatumu akaingia ndani, akawa ananisomea.

Choo: kina mfuniko, kina mlango wa mbao. Maji: yamechemshwa, yamefunikwa. Sabuni: ipo. Mpawenimana: yupo. Mwembamba, anatembelea fimbo, alitembea porini siku tisa. Haumwi. Wajukuu hawaumwi. Nadine haumwi.

Huyu mama ndiye mlinzi wa kopo. Kila anayetoka chooni na kila anayeingia uani, yeye humzuia kwa kopo la maji na kummiminia mikononi. Mwatumu amenawishwa. Kisha mama akaja mpaka uzioni na kuninyooshea kopo mimi.

"Amahoro, mwana wanje. Nawa."

Alikuwa ananitakia amani, akiniita mwanawe. Nikamwambia mimi ndiye bwana afya, tena siingii ndani.

"Ego," akasema, yaani ndiyo, na kopo akaliacha palepale mbele ya mikono yangu. Nikaaga.

Kwenye ripoti nimeandika: nyumba pekee ya mtaa huu isiyo na mgonjwa. Inatia shaka.

Jumanne, 23 Novemba

Wagonjwa kumi na moja. Mkewe Hatungimana amefariki. Tulizika saa nne, saa sita nikawa kwenye kikao cha kijiji.

Venanti ameleta barua iliyochapwa. "Kwa sababu za kiafya" Mpawenimana aondolewe kijijini, apelekwe kambini Jumatatu kwa lori. Inakosa kitu kimoja tu, sahihi ya bwana afya. Nikasema nahitaji kuisoma. Ina mistari minne. Akanipa mpaka Jumamosi, atakuwepo pombeni, nimkabidhi hukohuko.

Kambini mama huyu hatamaliza mwezi. Nimeyapima mashimo yale. Lakini wagonjwa kumi na moja nao ni watu.

Marcel ameleta jibu la Mzee kuhusu ilani yangu namba tatu. Anaiheshimu serikali. Wageni wote watakuja na mirija yao. Ila mrija wa mkwe ni mmoja: mwenye nyumba anakunywa kwanza, kuonyesha hakuna sumu, kisha anampa mkwe papohapo bila kufuta. Ukiufuta umemwita mchawi. Ukiukataa umemkataa binti. Baada ya mkwe, mrija huohuo unapita kwa wazee wa ukoo, mmoja mmoja, mpaka kwa shangazi yake binti, Mpawenimana.

Marcel akaniuliza niliwaza nini nilipoandika ilani ile. Niliwaza usafi.

Ijumaa, 26 Novemba

Nimepita zahanati kuchukua majina mapya. Kumi na tatu. Mwatumu akafunga mlango.

Akasema, "Gasper, umewauliza wamekula nini. Umewauliza maji wanachota wapi. Hujamwuliza hata mmoja kampa mkono nani."

Nikamwambia fomu haina nafasi hiyo.

Akanisomea mwenyewe. Kipriani, nampa mkono kila jioni nikitoka kambini. Karani, tunatumia meza moja na kalamu moja. Kuruthumu — beseni la maandazi. Waliokuja baada ya hapo ni wateja wa beseni na watu wa msibani.

"Na kwa Nsabimana hujaingia tangu posa," akasema. "Ndiyo maana wazima."

Nimekasirika. Nimemwambia maneno ya cheo, sitayaandika hapa. Yeye alikuwa ananawa mikono wakati nayasema.

Kisha nimekuja kukaa chumbani na kuhesabu. Kutoka kambini kuja kijijini, tangu tarehe 10, mara kumi na nne. Mara kumi na nne gogo limeinuliwa. Sikunawa hata mara moja. Amri niliandika mwenyewe: hata akiwa nani.

Helmeti iko pale kwenye msumari. Nimelia. Mtoto wa watu hakukosea kitu.

Lakini Mwatumu hana ushahidi. Maharage pia husokota tumbo.

Jumamosi, 27 Novemba

Asubuhi. Tumbo limetulia. Suti imepigwa pasi. Nimenawa mara tano. Mpango: nitaushika mrija, nitakaza midomo, nitameza mate. Hakuna atakayejua. Barua ya Venanti iko mfuko wa ndani, nitamwambia naisaini Jumatatu. Jumatatu lori litakuwa limepata pancha, kwa maombi.

Mchana. Naandika nikiwa chooni kwa Mzee Nsabimana. Mara ya tatu tangu tufike.

Mambo yalikuwa mazuri. Mtungi katikati ya ua, pombe ya ndizi, povu linaonekana. Wageni thelathini, kila mmoja na mrija wake mkononi kama ilani ilivyotaka. Marcel amehutubia kwa Kiha, kibaya lakini kirefu. Mzee akainama, akanywa, akainuka na mrija ameushika kwa mikono miwili, akaninyooshea. Nikasema samahani, natoka kidogo. Watu wakacheka, bwana harusi ana woga.

Damu. Si nyingi. Ni damu.

Nasikia kila kitu, mbao hizi zina nyufa. Marcel anawaambia Wagogo kama mimi ndivyo walivyo, hawana haraka. Mzee bado amesimama, hawezi kukaa na mrija mkononi, na hakuna anayeruhusiwa kunywa kabla yangu. Venanti anauliza kama nimekuja na ile barua.

Nimekuja nayo. Nyuma ya karatasi ni peupe. Nimeandika hapo kama kwenye fomu.

Namba 14. Gasper, miaka 31, bwana afya wa kata. Alikula: hindi, maandazi. Amevuka wapi siku za karibuni: darajani, mara kumi na nne, bila kunawa.

Nikitoka na karatasi hii nikaisoma, Mpawenimana hapandi lori. Nadine pia hanipati, wala mimi simpati, na Kuruthumu atakuwa amesikia kabla ya jua kuzama. Nikitoka bila kuisoma, mrija uko tayari, unapita kwangu kisha kwa Mzee Reverien, mkubwa wa wazee wa ukoo, kisha kwa wengine, mpaka kwa shangazi.

Fimbo inakuja, tok, tok. Imesimama. Chini ya mlango naona miguu myembamba na ukingo wa kopo.

"Mwana wanje. Maji haya."

Nimemwambia angoje, namalizia mstari. Amesema ego. Haondoki. Kuna viatu vingine vimesimama nyuma yake, navijua, ni vile vya shuleni.

Nadine anauliza, kwa sauti yake ya darasani, kama nimenawa.