Mtoto wa Fundi Kofia

Luluabourg, 22 Oktoba 1959

Baba yangu mpenzi,

Salaam aleikum. Mwili mzima, ila usingizi ndio mgonjwa. Je, mgongo wako na cherehani bado vinaelewana? Mama hajambo?

Baba, huku kumeharibika. Tangu wiki ya pili ya mwezi huu Balulua na Baluba wanapigana. Nyumba zinachomwa. Shule yetu ya uuguzi imefungwa na tunalala madarasani, askari mlangoni. Sisi wa mbali hatumo katika ugomvi wao, lakini njiani nani atakungoja ujieleze? Juzi vijana wenye mapanga walinishika, Kiswahili changu kikawatia shaka. Waliniachia kwa sababu mmoja wao niliwahi kumfunga kidonda.

Serikali imesema itatutoa kwa treni, wanafunzi wa majimbo mengine na ndugu walio nao. Majina yatatumwa kwenye ofisi za kwetu, wazazi waseme kama watoto ni wao, maana wengi wanajipachika undugu wapate nafasi. Nakuomba, Baba, acha Mama ndiye aende ofisini. Wewe una kofia za arusi za kushona.

Barua za kuja kwangu zipitie kwenye sanduku la Jean-Marie, karani wa stesheni ya hapa, kama kawaida.

Mwanao,
Faradji

Kasongo, 12 Novemba 1959

Mwanangu Faradji,

Aleikum salaam. Tuko wazima. Mgongo na cherehani wameachana: mmoja anataka kulala, mwingine anataka kazi.

Eti Mama aende! Tangu lini mke wa Fundi Sumaili akapanga foleni kwa Bwana Administrata, na mume yuko hai? Nilivaa kanzu ya Idi nikaenda mwenyewe. Karani wao Grégoire, kijana mwema ila ana kiburi cha kalamu, akasoma majina ya watoto wa Kasongo walioko huko. Akamsoma Émérance, binti wa mwalimu wa misheni, babake akaitika. Halafu akasoma: "Marcellin Sumaili, baba fundi."

"Sumaili fundi ni miye," nikamwambia, "lakini huyo hapana wangu. Wangu anaitwa Faradji, anasali."

"Mzee, fikiri vizuri. Kwani iko Sumaili fundi mwingine?"

"Mafundi wamejaa. Miye sina mutoto Mnasara."

Watu wa msikitini waliokuwa nyuma yangu wakacheka, nami nikacheka nao. Karani akalipiga jina mstari, akasema atapeleka telegramu. Nilimhurumia baba wa huyo kijana, popote alipo. Wewe nimekuandikisha kwa jina lako kamili, na la babu yako juu. Wamesema watauliza.

Nilipomsimulia mama yako alikuwa anatwanga majani ya sombe. Aliacha mchi kinuni akatoka uani, na tangu siku hiyo hali chakula vizuri wala hasemi nami. Miaka ishirini na mitano nimekaa na Hawa, na bado simjui.

Kaa ndani. Usijibishane na mtu.

Baba yako,
Sumaili

Luluabourg, 21 Novemba 1959

Baba,

Salaam aleikum. Naiandika hii kwa herufi za Kiarabu ulizonifundisha, ili asiisome mwingine.

Marcellin ni mimi.

Uliponipeleka Kabambare kwa Mjomba nikasome, mapadri walisema asiyebatizwa haendi darasa la tano. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilitaka kusoma, Baba, nilitaka kuliko chakula. Mjomba alikubali. Mama alijua baadaye, akalia, akaitunza siri. Na tangu nije huku, kila likizo nikishuka treni Samba naliacha jina lile palepale stesheni, nafika kwako nikiwa Faradji. Ndiyo sababu ya sanduku la Jean-Marie, kwa kuwa shuleni Faradji hajulikani. Na ndiyo sababu nilitaka Mama aende ofisini.

Karani wa hapa amenionyesha telegramu: baba anamkana. Faradji hayumo kwenye daftari la shule, na Marcellin amefutwa. Treni itaondoka Jumamosi, tarehe tano Desemba. Nimebaki bila jina la kupandia.

Nikifika nifukuze ukitaka, hata salamu yangu usiiitike. Lakini rudi ofisini, useme mtu huyo ni wako. Naogopa, Baba.

Mwanao

Samba, 27 Desemba 1959

Mwanangu,

Salaam aleikum. Hii ni barua ya tatu. Mbili za kwanza hukuzijibu, na Jean-Marie naye kimya. Juu ya bahasha nimeandika Marcellin kwa herufi za Kizungu, kwa mkono wangu mwenyewe. Usicheke mwandiko.

Barua yako ilifika Ijumaa, tarehe nne, watu wanatoka msikitini. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimeketi chini. Nilikasirika, siwezi kukudanganya. Miaka minane mmenifanya mgeni katika nyumba yangu! Badala ya kukimbia ofisini nilikwenda nyumbani kumgombeza mama yako, nikamgombeza mpaka alasiri. Saa hizo, mwanangu, ndizo zinazonila.

Nilimkuta Grégoire anafunga dirisha. Wazee wa msikiti walikuwepo, wanangoja vibali vya safari.

"Nimekuja kumtaka Marcellin," nikasema.

"Ulisema hapana wako, Mzee."

"Nilikosea. Ni wangu. Andika."

Hapana aliyecheka. Mzee mmoja alitoka bila kuniaga, na mpaka leo hanipi mkono. Basi, akae na mkono wake. Telegramu ilikwenda jioni ile.

Jumatano, tarehe tisa, mama yako nami tulivuka Lualaba tukangoja treni Samba. Walishuka wanafunzi sita. Émérance akaja moja kwa moja kwa mama yako, akamshika mikono. Anasema askari alisoma majina na lako halikusomwa, telegramu ilikuwa haijafika. Anasema ulisimama kando ya treni mpaka ikaanza kwenda. Ukampa kofia ya kijani niliyokushonea, na neno la kuniletea.

"Alisema hivi: mwambie baba, Faradji iko anamusalimia, na Marcellin pia."

Zaidi ya hapo hapana anayejua kitu. Shule yenu haina mtu. Ofisi inasema kutakuwa na treni nyingine mwezi wa kwanza. Jina lako liko juu kwenye orodha, nimelisoma mwenyewe.

Kofia iko kwa mama yako, hataki hata niiguse. Mimi nimehamishia cherehani Samba, jirani na stesheni, nashona suruali za watu wa reli. Treni ikisimama naacha kazi, napita dirisha kwa dirisha nikiita Faradji, halafu Marcellin. Watu wananiuliza, "Mzee, watoto wako wawili wamepotea?" Nawaambia ni mmoja.

Itika lolote, mwanangu. Nitakuja.

Baba yako,
Sumaili