Bluu kwenye Ukuta wa Maman Yolande

Bukavu, tarehe 27 Agosti

Yaya Alphonse, kaka yangu mupendwa,

Pokea salamu zangu, wewe, maman Virginie na wote munaokula pamoja huko kisiwani Idjwi. Kile kifua kimekuachilia? Mimi, mwili iko salama. Mengine, ukae kwanza ndio usome.

Unajua watu walivyonichoka kwa maji ya sabuni. Miaka kumi na saba nafua nguo za watu, bila bwana, bila mutu wa kunisukuma, na parseli, kile kiwanja ulichoniachia, iko juu mulimani, mita tisa kwa kumi na mbili. Kila siku litri mia mbili na arobaini zilishuka njiani. Shefu wa avenyu, mukubwa wa mutaa wetu, akanipa siku kumi na nne nitafute dawa, ao niache kufua. Ndipo ulinitumia magunia sita ya muchanga wa ziwa kwa boti, na karatasi ya kueleza: kokoto chini sentimita ishirini, muchanga uliooshwa juu yake sentimita sitini, maji yapite polepole. Nilipanga mapipa mawili hivyo hivyo. Maman Yolande, jirani wangu wa chini, akaniita Maman Muchanga, akauliza kama nimehamishia ziwa nyumbani. Lakini maji yaliingia meusi, yakatoka meupe, na shefu mwenyewe akaleta watu wa avenyu ingine waone. Siku hiyo nilitembea kama bibi wa gavana.

Karatasi yako ilisema pia kwamba maji yaliyochujwa yagawanywe bustanini, yasikusanywe pahali pamoja kwenye mutelemko. Bustani gani, Yaya? Nina migomba mitatu. Nilihesabu, haiwezi kunywa hata nusu. Mwezi wa tano nikachimba shimo la mita mbili nyuma ya nyumba, nikajaza mawe, nikaelekeza bomba humo. Nilisema maji safi hayawezi kumukosea mutu.

Mwezi wa saba ukuta wa nyuma wa Maman Yolande ukaanza kutoka jasho. Kiangazi, bila tone la mvua! Ukapasuka, ufa wa kuingiza kidole. Avenyu ikakutana. Wakasema ni choo cha Maman Constance, yule mujane muzee wa pembeni. Constance akaapa kwamba anakaa peke yake, bido moja ya maji inamutosha siku mbili. Akauliza mulima muzima utaloaje kwa mukojo wa mwanamuke mumoja. Watu wakacheka, lakini hawakusikia. Wakaandika karatasi: choo kifukiwe, naye ahame. Sahihi kumi na tisa. Ya kwanza ni yangu.

Sasa nakuambia kile ambacho hata padri hajasikia. Siku tatu kabla ya mukutano, nilimimina shimoni pakiti nne za bluu ya kufulia. Nilitaka kujua. Asubuhi ya mukutano nikashuka kumusalimia Yolande, nikakuta nyuma ya kitanda cha watoto wake, chini ya ufa, ukuta umetoka bluu, upana wa kiganja. Yeye alidhani ni rangi ya zamani. Nikapiga hesabu nikisimama pale: tangu mwezi wa tano siku tisini na tatu, litri 22.320, zote nyuma ya vichwa vya watoto watano. Halafu nikapanda mukutanoni, nikaomba kalamu.

Nimeziba bomba siku ishirini sasa. Watoto wanalala kwangu. Yolande amenishukuru mpaka akalia. Lakini yeye na bwana yake wanakataa kutoka ndani ya ile nyumba, kwa sababu wanaamini shida ilifukiwa pamoja na choo. Mvua iko karibu, na mulima umelowa ndani. Nikisema, mapipa yatavunjwa, sitafua tena hapa. Nisiposema, ukuta utawalalia. Nimeshuka mara nne kusema. Mara nne nimeomba chumvi, nikapanda.

Barua hii inaletwa na Maman Constance. Hana tena pahali, nimemwambia utamupokea. Hajui kusoma, ataifunga ndani ya kitambaa chake kama kitu cha tabernakulo. Umusomee yote, usiruke mustari. Boti itafika kwenu saa sita. Saa hiyo hiyo nitakuwa nimesimama mbele ya Yolande, na nimekupangia hivyo makusudi, nisipate njia ya kurudi.

Salamu kwa wote. Choo chake nitakichimba upya kwa mikono yangu. Ukimaliza kusoma, umutazame yeye kwanza, ndio unifikirie mimi.

Mudogo wako,
Emérence