Siku Tatu za Kuja Kukuona Lisbon

Mtaa wa Juu,
Angra, Kisiwa cha Terceira.
7 Mei 1987

Mpendwa wifi Deolinda,

Salamu nyingi kutoka huku kisiwani. U hali gani, na kifua chako kimetulia tangu baridi ilipoisha? Porfírio naye, magoti bado yanamruhusu kuendesha tramu? Sisi tu wazima, isipokuwa macho ya kaka yako Evaristo. Daktari anasema hayatafika Krismasi.

Kadi yako ilifika Jumanne. Nilitaka kumsomea Evaristo, akaninyang'anya. "Niachie, hii ni yangu." Akakaa dirishani na lenzi yake asubuhi nzima kwa maneno yako matatu: "Njooni. Kitanda kipo." Alipomaliza akatoka kwenda kuwanywesha ng'ombe, nao walikuwa wameshakunywa.

Basi tunakuja. Tutafika Ijumaa tarehe 12 Juni, mkesha wa Mtakatifu Antoni, na Jumatatu tutarudi, maana jirani hawezi kutukamulia zaidi ya hapo.

Nilikuwa nimeandika orodha ya kutembelea: ngome, mnara wa mtoni, kanisa kubwa la Belém. Kaka yako hataki kuisikia. "Mawe hata hapa yapo, Amélia. Mimi naenda kumwona Deolinda." Alichokubali ni tramu tu. "Mwambie Porfírio nitakaa nyuma yake, nimkosoe kila kona!" Tulicheka sana.

Wifi yangu, miaka ishirini na miwili hajawahi kuitaja siku ile aliyokufungia mlango kwa ajili ya "huyo dereva wa tramu". Juzi aliitaja. Tulikuwa tunamenya viazi. Alisema, "Nikifumba macho namwona pale uani na sanduku lake, mvua inamnyeshea. Nikipofuka leo, nitabaki na sura hiyo hiyo." Nikaendelea kumenya.

Sikuombi umsamehe. Hilo ni lako na Mungu wako, na kitanda umeshatandika.

Nakuletea jibini na soseji za kwetu. Usihangaike kupika, usiku huo wa mkesha mtaa wenu wote utakuwa unachoma sadini.

Ila nina ombi moja. Tukifika, usitoke mbio kumkumbatia. Jicho la kushoto bado linaona kidogo penye mwanga. Simama juani, na mvi zako zote, umwache akutazame mpaka atosheke, hata ikichukua muda. Kulia tutalia baadaye.

Msalimie sana Porfírio, na umbusu binti yenu Lucília. Mwambie kwamba mjomba wake kila siku ananiuliza kama amerithi pua ya ukoo wao, maskini. Mungu awalinde nyote mpaka tuonane.

Ni mimi wifi yako, nisiyewahi kuacha kukupenda,

Amélia